Kwa Nini Yeye? Mguu Uliokatwa, Jeni, na Lile Neno Tunaloliogopa

Wasee, hii ni ndefu, kwa hivyo tafuta chai kwanza. Chai ya Nyamira iliyokolea, si ile ya hosteli inayofanana na maji ya kuoshea vikombe.

Kuna swali moja ambalo huku kwetu Gusii halikubali kulala bila jibu. Si "nini kimetokea?" Hilo kila mtu analijua kabla hata gari la kubeba majeruhi halijafika. Nduthi iliteleza, lori likatokea kwa kona, mguu ukasagika, daktari akaukata. Swali lenyewe ni "kwa nini yeye?" Barabara ni moja, mvua ni moja, nduthi zimepita hapo tangu asubuhi hadi umechoka kuzihesabu. Mbona huyu?

Leo nataka tuulize swali hilo kwa jambo dogo kuliko ajali yenyewe, jambo ambalo wengi hawalijui mpaka liingie kwao nyumbani. Mtu amekatwa mguu. Mguu haupo, kila mtu anaona haupo. Na bado unamuuma. Halafu kuna mwenzake aliyekatwa mguu vilevile, na yeye haumwi. Kwa nini yeye na si mwenzake?

Ukikaa steji za boda kuanzia Suneka, uingie Daraja Mbili, upande Keumbu hadi Keroka, halafu ukate upande wa Nyamira mjini mpaka Kebirigo, utakutana na wanaume wa magongo, na wengi ni vijana wa rika letu. Wazee na kina mama mara nyingi ni kisukari: kidonda cha kidole kilikataa kupona, kikapanda, kikafika mahali daktari akasema bora mguu kuliko maisha. Tunawachangia pesa za hospitali, tunawapelekea unga na sukari, tunawauliza kama watapata mguu wa bandia. Sijawahi kusikia mtu akiwauliza kama ule uliokatwa bado unauma. Ni swali la kijinga, si ndio? Utaumaje na haupo?

Anko yangu, kaka ya mama, alikuwa wa boda upande wa Keroka. Jioni moja ya mvua alimbeba mwenzake wa steji wakirudi nyumbani, lori likawagonga wote wawili. Anko alipoteza mguu wa kushoto, chini ya goti. Rafiki yake alipoteza wa kulia, karibu pale pale. Ajali moja, wodi moja, vitanda vinatazamana.

Mwaka mmoja baadaye rafiki anauza viatu vya mtumba sokoni. Ndiyo, viatu, na yeye ndiye wa kwanza kuicheka. Ukimuuliza kuhusu mguu atakwambia kuna wakati anahisi kama uko, kama amevaa soksi nzito, basi, anaendelea na biashara yake. Anko naye anaishi na vidole vitano ambavyo havipo. Anasema vimejikunja kwa ndani, kucha zinadunga nyayo, na hawezi kuvikunjua kwa sababu hakuna cha kukunjua. Usiku wa baridi inageuka kuwa moto, kama mtu amemwekea makaa kwa kisigino. Nimemwona akinyoosha mkono na kuishika hewa pale ambapo kifundo kingekuwa, akiikamua.

Hospitali alikotibiwa, ambayo sitaitaja, walimweleza vizuri juu ya kidonda, juu ya bandeji, na juu ya bili. Bili hasa. Hakuna aliyemwambia sentensi moja tu: "Unaweza kusikia uchungu kwa mguu tuliouondoa, na hiyo haimaanishi umechanganyikiwa." Kwa hivyo akanyamaza. Mwanaume wa miaka thelathini na kitu, ana mke na watoto watatu, ataanzaje kusema kidole kisichokuwepo kinamuuma? Alinyamaza karibu mwaka mzima, akinunua panadol kidogo kidogo dukani.

Siku alipomwambia magokoro, nyanya yangu, ndiyo swali likafunguka. Kwanza ilikuwa ni mguu wenyewe: ulizikwa wapi, nani aliuzika, ulilazwa namna gani, pengine siafu wanaula huko chini. Halafu mbona mwenzake haumwi? Halafu shangazi mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba kuna mtu hapo jirani ambaye hakufurahia anko aliponunua nduthi ya pili. Hakutaja jina. Hakuhitaji. Kila mtu pale mezani alijua ni nyumba gani, na kwamba ndani ya nyumba hiyo anaishi mama mzee peke yake.

Kama wewe si wa huku, unaweza kuona hii ni stori ya kuchekesha. Huku haichekeshi. Mei 2008 umati ulizunguka vijiji vya Kisii ukachoma wazee zaidi ya kumi wakiwa hai kwa madai ya uchawi. Oktoba 2021, kule Marani, wanawake wanne wazee waliuawa kwa madai hayohayo. Hao ni wale waliofika kwenye habari za taifa. Neno omorogi si tusi la kutupiana shuleni kisha mkasameheana. Likishatamkwa mbele ya watu linatafuta mwenyewe.

Kwa hivyo ninaposema "kwa nini yeye" inahitaji jibu zuri, sisemi kwa sababu napenda sayansi. Nasema kwa sababu kuna mama mzee analala hatua mia mbili kutoka kwa jiko la nyanya yangu.

Na si sisi peke yetu tunaouliza hivi. Mwaka 1937 Mwingereza anayeitwa E. E. Evans-Pritchard alichapisha kitabu juu ya Waazande, watu wa eneo ambalo sasa ni mpaka wa Sudan Kusini na Kongo. Mfano wake maarufu ni ghala la nafaka. Watu wamekaa kivulini chini ya ghala, ghala linawaangukia. Waazande walijua vizuri sana kwamba mchwa walikuwa wamekula nguzo. Hawakuwa wajinga. Walichouliza ni kwa nini lilianguka saa ile, juu ya watu wale. Mchwa wanajibu "vipi". Uchawi ulikuwa unajibu "kwa nini yeye".

Tulipofundishwa baiolojia, jenetiki ilikuwa ni njegere za Mendel, za rangi ya kijani na manjano, na mtihani ukaisha. Hakuna aliyetuambia kwamba watu wa jenetiki wanashinda maabara wakiuliza swali lilelile la magokoro. Watu wawili, jeraha moja, matokeo mawili. Kwa nini yeye?

Kabla ya kufika huko, tukubaliane kwamba uchungu huu ni wa kweli. Ambroise Paré, daktari wa upasuaji wa Kifaransa wa karne ya 16, aliandika juu ya wanajeshi waliolalamikia viungo vilivyokwisha kukatwa. Silas Weir Mitchell, daktari wa Marekani aliyetibu majeruhi wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, ndiye aliyelipa jambo hili jina linalotumika hadi leo, mwaka 1871: kiungo mzuka. Mimi jina hilo silipendi hata kidogo. Huku kwetu ukishasema mzuka umeharibu mazungumzo yote. Nitasema tu uchungu wa mguu usiokuwepo.

Na si jambo la nadra. Tafiti nyingi zinakubaliana kwamba zaidi ya nusu ya watu waliokatwa viungo huupata kwa kiwango fulani. Kwa hivyo ukitaka kumshangaa mtu, usimshangae anko. Mshangae rafiki yake.

Inavyofanya kazi ni hivi. Mguu ukikatwa, neva zilizokuwa zinaenda mpaka kwenye vidole hazikufa zote, zimekatwa katikati. Ile ncha iliyobaki ndani ya kigutu hujaribu kuota tena. Haipati pa kwenda, inajikunja na kufanya fundo, na fundo hilo linaweza kurusha ishara lenyewe bila mtu kuligusa. Uti wa mgongo unazipokea ishara hizo usiku na mchana mpaka unaanza kuzikuza, jambo dogo linafika juu likiwa kubwa. Na juu huko, ubongo una ramani ya mwili mzima: hapa ni vidole, hapa nyayo, hapa goti. Mguu umeenda. Ramani haijaenda. Ishara ikifika kwenye eneo la vidole, ubongo unaisoma jinsi ilivyoandikwa: kidole kinauma.

Wataalamu wenyewe bado wanabishana juu ya ramani hiyo, na ubishi wao ni mtamu. Mwaka 1995 Herta Flor na wenzake Ujerumani walionyesha kwamba kadiri ramani ya ubongo ilivyokuwa imevurugika, ndivyo uchungu ulivyokuwa mkali. Mwaka 2013 Tamar Makin na wenzake Uingereza wakaja na upande wa pili: kwa watu wenye uchungu mkali, picha ya mkono uliokatwa ilikuwa bado imara ndani ya ubongo. Hakuna hata mmoja wao anayesema mgonjwa anaigiza.

Sasa, kwa nini yeye.

Tuanze na panya. Panya akikatwa neva ya mguu, mguu unakufa ganzi. Wengine huanza kuutafuna mguu huo, wengine wanauacha ulivyo. Ndiyo, ni jaribio la kuhuzunisha, lakini sikiza. Mwaka 1990 Marshall Devor na mwenzake kule Jerusalem walichapisha walichokifanya: waliwazalisha wanaojitafuna kwa wanaojitafuna, na wasiojitafuna kwa wasiojitafuna. Baada ya vizazi vichache walikuwa na koo mbili za panya. Jeraha lilelile, wembe uleule, na ukoo mmoja unateseka kuliko mwingine. Hapo ikawa wazi kwamba kitu fulani kinarithiwa.

Halafu Pakistani. Mwaka 2006 watafiti wa Cambridge wakiwa na Geoffrey Woods walieleza familia za kaskazini mwa nchi hiyo ambazo baadhi ya watoto hawasikii uchungu kabisa tangu kuzaliwa. Ilianza na mvulana mmoja aliyekuwa akijidunga visu mikononi na kutembea juu ya makaa barabarani ili watu wamlipe. Alikufa kabla ya kufikisha miaka 14, baada ya kuruka kutoka kwa paa. Fikiria hilo wakati mwingine ukitamani usisikie uchungu. Tatizo la familia hizo lilikuwa kwenye jeni inayoitwa SCN9A. Kazi yake ni kutengeneza mlango mdogo kwenye neva za uchungu, mlango wa kupitisha sodiamu. Mlango usipofunguka, ishara haiondoki.

Mwaka 2010 kundi la Woods likarudi na jambo la kawaida zaidi. Kuna tofauti ndogo kwenye jeni hiyohiyo ambayo watu wengi wazima tu wanatembea nayo, na walioibeba walielekea kusema wanaumwa zaidi. Kati ya makundi waliyoyapima kulikuwa na watu waliokatwa viungo. Mwaka huohuo kundi lingine likataja KCNS1, jeni ya mlango wa potasiamu, na hapo pia waliokatwa viungo walikuwemo. Na wengine tena, mwaka huohuo, wakaanzia kwa panya wakafika kwenye CACNG2, kisha wakaipima kwa wanawake walioondolewa titi kwa sababu ya saratani na kubaki na uchungu usioisha. Kwa sababu titi lililoondolewa nalo linaweza kuuma, na akina mama wetu wanalinyamazia hilo kuliko hata anko alivyonyamazia mguu.

Umeona hakuna hata moja inayoitwa jeni ya mguu usiokuwepo? Haipo. Kuna jeni nyingi za milango ya neva na za kemikali za mwilini, kila moja inaongeza au kupunguza kidogo. Ni kama mat mbili za kwenda Nairobi zinapiga wimbo mmoja. Kwenye moja unasinzia hadi Narok. Kwenye nyingine dereva amefungua sauti mpaka viti vinatetemeka. Wimbo ni mmoja, mahali kitufe cha sauti kilipowekwa ndipo panatofautiana.

Ningeweza kuishia hapo, nikuambie ni jeni, uende ukalale. Lakini neno hilo huku kwetu lina shida yake.

Ukimwambia mtu wa Gusii "ni jeni", anasikia "ni damu". Akisikia damu anasikia ukoo. Na ukoo una majina, una mashamba, una watoto wa kike wanaotaka kuolewa. Robert LeVine, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyefanya utafiti Gusii miaka ya 1950, aliandika kwamba watu waliamini uchawi hufundishwa na mzazi kwa mtoto, nyumba kwa nyumba. Hiyo imani bado ina miguu. Vijana wa Kisii mnajua: ukisema umempata mtu, kuna mzee atauliza kwanza hao watu wa kwao wanasemwaje. Kwa hivyo ukichukua jeni na kuitumia kama mkato, "uchungu wake ni wa kwao, ni wa upande wa mama", hujatoa uchawi kwenye hadithi. Umeuvalisha koti jeupe la maabara.

Ndiyo maana napenda sana makala moja ya zamani kuliko zote hizo za 2010. Mwaka 1986 daktari anayeitwa G. D. Schott aliandika juu ya familia moja yenye bahati mbaya. Watu watano wa familia hiyo walikuwa wamepoteza viungo kwa ajali. Damu moja, watano. Kama uchungu huu ungekuwa unarithiwa moja kwa moja, ungetarajia wafanane. Hawakufanana. Kuna walioumwa na kuna ambao hawakuumwa, na Schott akaona huwezi kutabiri nani ataumwa kwa kuangalia ndugu yake.

Ziweke pamoja: panya wa Jerusalem na familia ya Schott. Zote ni kweli. Urithi upo, na bado ndugu wawili wanaweza kwenda njia mbili, kwa sababu kila mtoto anapata mchanganyiko wake wa jeni, na kwa sababu kuna mambo mengine mengi ambayo hayako kwenye damu kabisa.

Mojawapo lilikuwa wazi kabisa kwa anko na hakuna aliyeliuliza pale mezani. Rafiki yake alikatwa mguu usiku uleule wa ajali. Anko alikaa siku tisa. Madaktari walijaribu kuuokoa mguu, na kwa hilo siwezi kuwalaumu, lakini siku hizo tisa alikuwa analia hadi wodi nzima inaamka. Uchungu mkali wa kabla ya kukatwa ni kati ya mambo yanayojulikana sana kuongeza nafasi ya uchungu wa baadaye. Neva na uti wa mgongo vinaingia chumba cha upasuaji vikiwa tayari vimejifunza kupiga kelele. Siku tisa za anko zilikuwa kwenye karatasi za hospitali, mtu yeyote angeweza kuzisoma. Mezani zikatafutwa kwa jirani.

Na msije mkasema watu wa Gusii tangu zamani tunajua kuroga tu. Hiyo inanikasirisha. Sisi ndio tulikuwa na ababari, mafundi wa upasuaji wa kichwa. Mtu alipigwa rungu au alianguka, kidonda kikapona kwa nje, lakini kichwa kikaendelea kumuuma miezi na miaka. Omobari alifungua ngozi, akakwangua fuvu pole pole mpaka akaondoa kipande cha mfupa, na wagonjwa wengi waliishi. Miaka ya 1950 na 1960 madaktari kutoka nje, akiwemo Edward Margetts, daktari wa akili kutoka Kanada aliyefanya kazi Nairobi, waliandika juu yao kwenye vitabu vya utabibu. Sikuambii uende ukafunguliwe kichwa. Ninachosema ni kwamba mababu zetu walikuwa na fani nzima iliyosimama juu ya wazo hili: jeraha limepona, uchungu umebaki, basi tatizo liko ndani ya mwili wa huyu mtu, tumtibu yeye. Hawakulazimika kwanza kumtafuta jirani. Walikuwepo omobari na omoragori, fundi wa upasuaji na mpiga ramli, kijiji kimoja, na familia ilichagua ianze kwa nani.

Kuna kitu kingine kinanisumbua, na hiki si cha kijijini. Ripoti moja iliyochapishwa mwaka 2019 ilihesabu watu waliomo kwenye tafiti kubwa za kulinganisha jeni na magonjwa duniani. Karibu asilimia 78 walikuwa wenye asili ya Ulaya. Waafrika, asilimia 2. Mbili! Na hili ndilo bara lenye tofauti nyingi za jeni kuliko mabara yote, kwa sababu binadamu ameishi hapa muda mrefu zaidi. Mradi wa H3Africa, ulioanza kupata fedha za utafiti mwaka 2012, ulianzishwa kuziba pengo hilo, na umefanya kazi. Lakini majina niliyokutajia juu, SCN9A na wenzake, yalipimwa kwa watu wa mbali na Keroka.

Ukidhani hiyo ni siasa ya wasomi, angalia dawa. Ini lina jeni inayoitwa CYP2D6 inayosaidia kugeuza kodeini na tramadoli kuwa kitu chenye nguvu zaidi mwilini. Wengine wana nakala za ziada za jeni hiyo, dawa inageuka haraka mno, na kipimo cha kawaida kinaweza kuwa hatari kwao. Mwaka 1996 watafiti walipima kikundi cha Waethiopia wakakuta karibu 3 kati ya kila 10 wana nakala hizo za ziada. Uswidi ni kama 1 au 2 kati ya 100. Kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi ya ndani ya pakiti hakikuandikwa kikimfikiria mtu wa Addis Ababa. Kumfikiria mtu wa Nyamira ndiyo kabisa. Kwa hivyo kama una mtu nyumbani anayekula tramadoli za dukani kwa sababu ya mguu usiokuwepo, mrudishe kwa daktari. Kuna dawa zinazolenga neva zenyewe, si panadol tu, na zinahitaji mtu wa kukupimia.

Najua baadhi yenu mko KMTC, Kisii na Nyamira, mnasomea uuguzi na utabibu. Ninyi ndio mtasimama kando ya kitanda. Nawaomba ile sentensi moja. Mwambie kabla hajaingia kukatwa, mbele ya mke wake na mbele ya mama yake, kwa Ekegusii kama Kiswahili hakifiki: mguu utatoka, na huenda ukaendelea kuuma, ni neva, inajulikana, rudi utuambie. Sema wakiwa wote wanasikia. Mgonjwa akiambiwa peke yake, familia itabaki na swali lake.

Sisi tulichelewa mwaka mmoja kuisikia. Tuliisikia kliniki, kwa mama mmoja wa fiziotherapia aliyemuuliza anko bila hata kupepesa macho, "Ni vidole gani hasa vinauma?" Anko aliangalia chini, akasema, "Cha gumba na kinachofuata." Mama akaandika kwenye faili kama vile ameambiwa jino. Nilikuwa nimekaa pale. Mabega ya anko yalishuka.

Yeye ndiye alimwanzisha kioo. V. S. Ramachandran alilibuni hilo Marekani miaka ya 1990: unasimamisha kioo katikati ya miguu, unaficha kigutu nyuma yake, unaangalia mguu mzima kwenye kioo hadi ubongo unaona miguu miwili. Ukikunjua vidole vya mguu ulioko, vile vya upande wa pili vinaonekana navyo vikikunjuka. Jaribio lililochapishwa mwaka 2007, la watu waliokatwa miguu kule Marekani, lilikuwa dogo sana: wote 6 waliotumia kioo walisema uchungu umepungua ndani ya wiki nne. Tafiti zilizofuata hazikuwa na shangwe hivyo, kuna ambao hakiwasaidii. Lakini ni kioo tu, hakina sindano.

Anko alinunua chake Daraja Mbili. Anafunga mlango wa chumba cha kulala dakika kumi na tano kila jioni, na watoto wamekatazwa kupiga hodi. Siku nyingine vidole vinakunjuka. Siku nyingine vinagoma. Siku za mvua vinagoma karibu kila mara. Shangazi alipoelezwa mambo ya fundo la neva na zile siku tisa, alisikiliza mpaka mwisho, akasema sawa, akabadilisha mada akauliza bei ya majani chai. Tangu siku hiyo sijasikia ile nyumba ya jirani ikitajwa. Magokoro naye alitaka kujua kama kioo kinaweza kusaidia goti lake.

Kioo chenyewe kimevunjika. Mtoto wa mwisho alikipiga na mpira wa makaratasi. Juzi anko alinipigia simu nimtafutie kingine mjini, kirefu kidogo, kitakachosimama chenyewe sakafuni.